Tarehe Iliyo Kwenye Kompyuta Si Muhuri wa Kupokelewa

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kupokea maombi ya vizimba vya soko, mwezi Februari, wafanyabiashara wawili walifika katika kaunta ya Halmashauri yetu wakiwa na barua zao mkononi. Wa kwanza alikuwa mama lishe, wa pili kijana muuza mitumba. Walipishana kwa dakika chache. Barua zote mbili zilipigwa muhuri, zikaandikwa katika rejesta ya masjala, zikapitishwa kwenye skana, na nakala tepe zake zikahifadhiwa katika diski ya mtandao, yaani ile hifadhi ya pamoja ambayo maofisa wa vitengo mbalimbali huifikia kila mmoja akiwa kwenye kompyuta yake. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa saa 9:30 alasiri siku hiyohiyo.

Orodha ilipobandikwa ubaoni, jina la kijana lilikuwemo na jina la mama halikuwemo. Alipokuja kuuliza, aligeuziwa skrini ajionee mwenyewe. Mbele ya faili la kijana palisomeka 09:12. Mbele ya faili lake palisomeka 20:05, yaani saa mbili na dakika tano usiku, wakati ambapo milango ya ofisi ilikuwa imefungwa kitambo. Swali aliloulizwa halikuwa jepesi: ni nani aliyemwingizia barua yake usiku?

Mama huyo hakuwa na mtu wa ndani. Alikuwa na nakala ya barua yake iliyopigwa muhuri, na nakala hiyo ndiyo iliyomrudisha katika orodha. Hata hivyo, kabla muhuri huo haujakubaliwa, maneno yalikuwa yameshasambaa sokoni kwamba kuna watu wanaochezea mafaili. Wapo walioamini kuwa mama alitaka kupenyezwa. Wapo walioamini kuwa aliondolewa makusudi ili nafasi yake apewe mwingine. Makala haya yanaeleza kilichotokea, kwa sababu kinaweza kutokea tena kwa ombi la kibali cha ujenzi, kwa fomu ya leseni ya biashara, au kwa lalamiko la mpaka wa shamba. Mwananchi anayekielewa hataondoka kaunta na shaka isiyo na msingi, wala hatakubali kunyimwa haki yake kwa sababu ya namba aliyoonyeshwa kwenye skrini.

Faili moja, tarehe tatu

Tuanze na jambo ambalo hata watumishi wengi hawalifahamu. Faili lililo ndani ya kompyuta halina tarehe moja. Kwa kawaida hubeba tatu: tarehe ya kuundwa, tarehe ya kubadilishwa mara ya mwisho, na tarehe ya kufunguliwa mara ya mwisho. Skrini huonyesha mojawapo, mara nyingi ile ya kubadilishwa, bila kumweleza mtazamaji kwamba nyingine zipo.

Majina ya tarehe hizo yanapotosha. Mtu akisikia "tarehe ya kuundwa" hudhani ni siku waraka ulipoandikwa. Kompyuta zinazotumia Windows, ambazo ndizo zilizojaa katika ofisi zetu, huelewa vingine. Faili likinakiliwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine, nakala mpya hupewa tarehe ya kuundwa ya dakika ileile ya kunakiliwa, ilhali tarehe ya kubadilishwa hubaki ya zamani, ile iliyotoka nayo. Kwa hiyo si ajabu kukuta faili ambalo "lilibadilishwa" Jumatatu na "likaundwa" Jumatano, kama mtoto aliyeanza kutembea kabla ya kuzaliwa. Hakuna aliyeghushi kitu. Faili limenakiliwa tu. Tarehe ya tatu, ya kufunguliwa, haifai kutegemewa kabisa, kwa kuwa matoleo mengi ya Windows yamekuwa yakiacha kuiandika upya ili kuipunguzia diski kazi.

Sasa turudi kaunta. Skana iliweka faili la mama kwanza katika kompyuta ya kaunta, kisha karani akalinakili mara moja kwenda diski ya mtandao. Lilipofika huko, seva, yaani ile kompyuta inayotunza hifadhi ya pamoja, ililipa tarehe ya kuundwa kwa saa yake yenyewe: 09:06. Hiyo ilikuwa sahihi. Lakini tarehe ya kubadilishwa ilitoka katika kompyuta ya kaunta, ambayo saa yake ilikuwa na kasoro tutakayoieleza hivi punde. Dakika chache baadaye mtandao wa ndani ulikatika. Faili la kijana likawekwa kwenye flashi, na likaingizwa katika diski ya mtandao kesho yake asubuhi kupitia kompyuta ya ofisi nyingine. Tarehe yake ya kuundwa ikawa ya siku iliyofuata, nje ya muda, ingawa tarehe yake ya kubadilishwa ilisomeka 09:12 ya siku yenyewe.

Msomaji ataona mambo yalivyopindana. Ofisa aliyepanga orodha kwa tarehe ya kubadilishwa alimtoa mama. Angepanga kwa tarehe ya kuundwa, angemtoa kijana. Nao wote wawili walikuwa wamefika kwa wakati, tena mapema.

Saa kumi na moja zilitoka wapi

Inabaki kueleza jinsi saa tatu asubuhi ilivyogeuka saa mbili usiku. Hapa ndipo mtu mwenye shaka husema kwamba kompyuta haiwezi kukosea kwa saa kumi na moja pasipo mkono wa mtu. Mkono wa mtu ulikuwepo, ila haukuwa na nia mbaya.

Dunia imegawanywa katika kanda za saa. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, hutumia saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ile ambayo wataalamu huiandika kwa kifupi UTC. Dereva wa lori anayepakia mzigo katika bandari kavu ya Isaka na kuupeleka Kigali analijua hilo bila kufundishwa: akivuka Rusumo hurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, kwa kuwa Rwanda iko saa mbili tu mbele ya saa ya dunia. Kanda hizi ni makubaliano ya watu, na jua halilazimiki kuyafuata. Saa zetu zimepimwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ulio nje kabisa ya ardhi ya Tanzania, upande wa Bahari ya Hindi. Ndiyo sababu hapa Shinyanga jua hufika utosini, kwa wastani, kama dakika 46 baada ya saa sita mchana, na Geita huchelewa dakika nyingine kama tano. Wazee wanaolalamika kwamba saa ya redio inawaharakisha kuliko kivuli cha mti hawajakosea.

Diski za Windows zilizomo ndani ya kompyuta na seva huandika muda kwa saa ya dunia. Kisha kila kompyuta inayolionyesha faili huongeza au kupunguza kulingana na ukanda iliowekewa. Iwapo ndani ya diski pameandikwa 06:05, kompyuta ya hapa huongeza saa tatu na kuonyesha 09:05. Utaratibu huu ni mzuri maadamu kila kompyuta inajua iko wapi.

Kompyuta ya kaunta haikujua. Ilikuwa imesimikwa upya kwa haraka, na aliyeisimika hakubadilisha ukanda wa saa. Ikabaki na ule wa pwani ya magharibi ya Marekani, ulio saa nane nyuma ya saa ya dunia katika majira yao ya baridi. Karani alipoiwasha asubuhi ya kwanza alikuta inaonyesha saa nne usiku wa jana yake. Akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akasogeza saa mpaka ikalingana na saa yake ya mkononi, bila kugusa ukanda. Skrini ikawa inaonyesha muda unaofanana na wa ukutani, naye akaridhika. Lakini barua ya mama ilipopita kwenye skana, kompyuta ilifanya hesabu yake kimyakimya: ikiwa ni 09:05 katika pwani ya magharibi ya Marekani, basi saa ya dunia ni 17:05. Ikaandika 17:05. Kompyuta ya ofisa, ambayo ukanda wake ni sahihi, ikaongeza saa tatu za Afrika Mashariki na kupata 20:05. Laiti ofisa angelifungua folda hiyo mchana uleule, angeliona faili lililobadilishwa katika saa ambayo bado haijafika, na pengine kosa lingegundulika pale pale.

Kosa la namna hii hubadilika sura. Marekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kompyuta ileile ikiachwa hivyo hadi Machi, saa yake ingeruka yenyewe, karani angeirekebisha tena kwa mkono, na tofauti ingekuwa saa kumi badala ya kumi na moja. Anayetafuta chanzo kwa kulinganisha mafaili ya Februari na ya Aprili angeweza kukata tamaa.

Na kwa nini faili la kijana, lililotoka katika kompyuta hiyohiyo, lilionyesha saa iliyo sahihi? Ni kwa sababu ya flashi. Flashi nyingi za kawaida huandaliwa kwa mtindo wa zamani uitwao FAT32, ambao hauna habari na saa ya dunia. Huandika saa inayoonekana kwenye skrini kama ilivyo, bila ukanda wowote. Kompyuta ya kaunta ikaandika 09:12; kompyuta ya ofisi nyingine ikasoma 09:12 na kuichukulia kuwa ni saa ya hapa. Kasoro ikafunikwa. Faili lililopita njia iliyo bora likaharibika tarehe, na lile lililobebwa mfukoni likafika salama. Mtindo huo wa FAT32 una udhaifu mwingine mdogo: huhesabu sekunde mbili mbili, hivyo hakuna faili la flashi litakaloonyesha sekunde 39. Wanaobishania sekunde wakumbuke hilo.

"3:05" ya nani?

Wakati suala hili likichunguzwa liliongezeka jingine, na hili ni letu wenyewe. Katika rejesta, karani wa masjala alikuwa ameandika kwamba barua ya mama ilipokelewa "3:05", kama anavyotamka. Mtumishi mwingine aliyehamisha rejesta hiyo kwenda kwenye jedwali la kompyuta aliandika alichokiona. Katika jedwali, 3:05 ni saa tisa na dakika tano usiku. Kwa siku kadhaa barua moja ikawa na saa tatu tofauti: saa tatu asubuhi kwenye muhuri, saa mbili usiku kwenye faili, saa tisa usiku kwenye jedwali.

Sisi tunaozungumza Kiswahili huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, na tena linapozama. Kompyuta huanza kuhesabu katikati ya usiku. Mazungumzo yetu hayana tatizo, kwa kuwa tunasema "asubuhi", "mchana", "alasiri" au "usiku". Tatizo huzaliwa pale namba inapoandikwa peke yake. Hali ni hiyohiyo kwa siku. Mkazi akieleza kwamba mifugo iliingia shambani kwake usiku wa kuamkia Jumatano saa tatu, kompyuta itaandika Jumanne 21:00. Ikiwa ni saa saba ya usiku huohuo, itaandika Jumatano 01:00. Maelezo mawili ya kweli kuhusu usiku mmoja yanaweza kuonekana kupingana mbele ya Baraza la Ardhi la Kata, kwa sababu tu mmoja alisimulia na mwingine akasoma kwenye simu. Tuongeze mpangilio wa tarehe: 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili, na kwa kompyuta iliyobaki na mpangilio wa Kimarekani ni tarehe 4 Machi.

Zipo pia kompyuta zinazopoteza kumbukumbu kabisa. Ndani ya kila kompyuta ya mezani kuna betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, inayoendesha saa wakati umeme umekatika. Betri hiyo ikifa, kila umeme unaporudi kompyuta huanza na tarehe ya mbali, na wakati mwingine mafaili yake husomeka kuwa ya mwaka 1980, ambao ndio mwaka wa kwanza ambao mtindo wa FAT unaweza kuuandika. Ukiona barua ya Mkoa wa Geita yenye tarehe ya faili ya mwaka 1980, kumbuka kwamba mkoa huo ulianzishwa mwaka 2012. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Tumezoea kulaumu virusi.

Mahali ambapo dakika ni mali

Katika ukanda wetu wa dhahabu, kutangulia ni mtaji. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, maombi ya leseni kwa eneo lilelile hushughulikiwa kwa kuzingatia nani alitangulia kuomba. Wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo, Nyarugusu au Lwamgasa wanaowania leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo hudumu miaka saba, wafahamu kwamba kinachohesabiwa ni wakati ombi liliposajiliwa katika mfumo wa mamlaka inayolipokea. Saa ya simu ya mwombaji haihesabiki, wala tarehe ya faili lililohifadhiwa katika duka alikochapishia fomu. Ndivyo ilivyo pia kwa wazabuni wanaotumia mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023: dirisha hufungwa kwa saa ya mfumo. Anayesubiri dakika tano za mwisho akitazama saa yake ya mkononi anajitafutia hasara.

Wakazi wanaotunza picha kama ushahidi, iwe ni nyufa za nyumba, mazao yaliyoliwa au jiwe la mpaka lililong'olewa, nao wana la kujua. Picha iliyopigwa kwa simu hubeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo za ndani huondolewa, na anayeipokea hubaki na tarehe ya siku aliyoipakua. Ukiituma kama waraka, hubaki nazo. Usifute picha ya asili katika simu yako, hata baada ya kuikabidhi nakala ofisini.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, hairuhusu kumbukumbu kukataliwa kuwa ushahidi kwa sababu tu ni ya kielektroniki. Lakini kifungu hichohicho kinataka uzito wake upimwe kwa kuangalia jinsi ilivyotengenezwa na kutunzwa, na kama kuna sababu ya kuiamini. Tarehe ya faili iliyotoka katika kompyuta ambayo haikujua iko bara gani haiwezi kuwa na uzito sawa na rejesta iliyojazwa kwa kalamu mbele ya mwombaji.

Baada ya tukio la Februari, Kitengo cha TEHAMA kilipita katika kompyuta za makao makuu, kikarekebisha kanda za saa na kuzifanya zote zichukue muda kutoka kwa seva moja, ambayo nayo husawazishwa na saa za kimataifa kupitia intaneti. Kompyuta za ofisi za kata ambazo hazijaunganishwa na mtandao wa ndani zitaendelea kukaguliwa kwa mkono, na huko tusidanganyane: saa zitaendelea kupotea kila umeme unapokatika, hadi betri zote zibadilishwe. Kwa sababu hiyo orodha za maombi yenye ukomo wa muda sasa hupangwa kwa namba ya rejesta ya masjala, na faili hupewa jina linaloanza na namba hiyo na tarehe ya kupokelewa. Jina huandikwa na mtu na halibadiliki faili linaponakiliwa.

Mwananchi anapowasilisha barua au fomu anayo haki ya kurudi na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, tarehe, namba ya rejesta, na saa iliyoandikwa pamoja na neno "asubuhi", "mchana" au "alasiri". Kama karani ameandika namba peke yake, mwombe aongeze neno hilo kabla hujaondoka kaunta, hatachukia. Ukielezwa kwamba ombi lako lilichelewa kwa mujibu wa kompyuta, omba lilinganishwe na rejesta ukiwepo. Usiporidhika, andika lalamiko kupitia kwa Mtendaji wa Kata au moja kwa moja kwa Mkurugenzi Mtendaji, ukiambatisha kivuli cha nakala yako na kubaki na ile yenye muhuri halisi.

Waombaji wote wa vizimba wa mwezi Februari wanaotaka kuona mstari wao katika rejesta wanakaribishwa masjala siku za kazi, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Waje na nakala zao.